DARSA YA RAMADHANI, MFUNGO 14: Mwenye maradhi ya Parkinson, funga yake, swala yake na haki yake kwetu



Wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu katika imani. Leo tulipanga kuendelea na adabu za ulimi, lakini tutaisogeza mpaka kesho inshaallah. Juzi baada ya tarawehe nimetumiwa swali kwa sauti, na nimeona halimhusu aliyeuliza peke yake. Nalifupisha kwa ruhusa yake:

"Shekhe, baba yetu ana Parkinson, huu mwaka wa sita. Daktari kampa vidonge mara nne kwa siku. Toka mwezi uandame amekataa vile vya mchana. Anasema toka abaleghe hajawahi kula mchana wa Ramadhani na hatoanza uzeeni. Siku ya nne kaanguka chooni. Sasa hivi kumgeuza kitandani ni kazi ya watu wawili. Tukimwambia, anasema tunataka kumharibia akhera yake. Tufanyeje?"

Jibu fupi nalitoa kwanza, maana mwenye mgonjwa nyumbani hawezi kungoja darsa iishe. Mzee arudie dawa zake leo hii, kwa saa zake, kama alivyoandikiwa, na mumjulishe daktari wake kwamba alikatiza na kwamba alianguka. Hafungi. Anatolewa fidya. Na akhera yake haijaharibika hata kidogo. Sasa maelezo yanafuata, na naomba msome wote, hata ambaye kwao hakuna mgonjwa, kwa sababu nusu ya darsa hii inatuhusu sisi wazima.

*Ugonjwa wenyewe*

Ugonjwa huu umepewa jina la tabibu wa Kiingereza, James Parkinson, aliyeuandika London mwaka 1817 kwa kuwatazama watu sita tu, wengine aliwaona wakipita njiani. Si kwamba ulianza hapo, watu walikuwa nao zamani. Ndani ya ubongo, kwa chini, kuna seli zinazotengeneza kemikali iitwayo dopamini. Kemikali hiyo ndiyo inayofanya mwili utembee kwa ulaini: unyanyue kikombe, ugeuke, ufunge kifungo cha kanzu bila hata kufikiri. Seli zile zinakufa kidogo kidogo, na mpaka mtu aone dalili ya kwanza nyingi zimeshakwenda. Kwa nini zinakufa, kwa wagonjwa wengi haijulikani. Hazirudi. Dawa zilizopo zinaziba pengo, haziponyeshi. Hilo tuliseme wazi ili tusidanganyane.

Watu wanaujua kwa kutetemeka, lakini kutetemeka ni mlango mmoja tu, na wapo wagonjwa wasiotetemeka kabisa. Mara nyingi unaanza upande mmoja, na mkono unatetemeka ukiwa umepumzika mapajani, si wakati wa kushika kitu. Ukiona mtu mkono wake umetulia, kisha unatikisika pale tu anaponyanyua kikombe, yawezekana ni maradhi mengine kabisa, aende akapimwe. Dalili nyingine ni mwili kukaza, mwendo kuwa mzito, hatua fupi fupi za kuburura, mkono mmoja kutopunga wakati wa kutembea, sauti kushuka, kukosa choo, usingizi wa kupiga mateke na kelele. Wengine pua inapoteza harufu miaka kabla ya kitu kingine chochote. Na mwandiko unapungua. Mzee wetu mmoja aliyesomesha chuoni miaka mingi, naye kaniruhusu niseme, alianza kujua ana jambo pale watoto walipomwambia, "Maalim, mbona hati yako imekuwa kama sisimizi?" Anaanza mstari vizuri, akifika katikati herufi zinasinyaa.

Si uchawi. Si jini. Si ulevi. Hauambukizi, kaa naye, kula naye sinia moja. Na si wazee peke yao, ingawa wengi wao ni wa miaka sitini kwenda juu.

Nawaambia haya kwa kirefu kwa sababu hapa kwetu wengi wanao na hawajui wanao. Uliwahi kufanyika utafiti wilaya ya Hai, Kilimanjaro, ukachapishwa mwaka 2008: wagonjwa waliopatikana walikuwa 33, na wengi wao hakuna aliyekuwa amewahi kuwaambia wanaumwa nini. Walikuwa wanaitwa wazee tu. Au wamerogwa. Kwa hiyo ukiona babu nyumbani amekuwa mzito, haongei kama zamani, usiseme "umri huo". Mpeleke. Na ukifika kwa daktari mtajie dawa zote anazokunywa, kwa sababu zipo dawa za kutapika na dawa za maradhi ya akili ambazo zenyewe zinaleta kukaza na kutetemeka mfano wa huu.

*Funga yake*

Dawa kubwa ya ugonjwa huu inaitwa levodopa, na ndiyo iliyo ndani ya vidonge vya wengi wao. Sifa yake moja mzijue: haikai mwilini. Saa moja na nusu tu, nusu yake imeshaondoka kwenye damu. Ugonjwa ukiwa mchanga ubongo bado una akiba yake, mgonjwa haoni tofauti. Miaka ikienda akiba inaisha, na mtu anaishi kwa kidonge hadi kidonge. Dawa ikishika, anatembea. Ikiisha, anakaza. Sasa mpige hesabu mwenyewe: daku mpaka magharibi hapa kwetu ni zaidi ya saa kumi na tatu.

Na kuiacha ghafla si kwamba anarudi tu kutetemeka. Anaweza kukaza mwili mzima, akapata homa kali, akachanganyikiwa, na wapo wanaokufa kwa hilo. Ongeza joto la mchana na kukosa maji: presha yake inashuka anaposimama, na choo kinazidi kuwa kigumu. Kuanguka kwa yule mzee wala si ajabu.

Sasa njoo kwenye dini. Katika Suratul Baqarah, aya ya 184 na 185, Mwenyezi Mungu ametaja ruhusa ya mgonjwa mara mbili, aya zimefuatana. Alimtaja kabla hata ya msafiri. Wanavyuoni wakafafanua: mgonjwa anayetarajiwa kupona atalipa siku nyingine, na mgonjwa ambaye maradhi yake hayatarajiwi kuondoka, huyo anatoa fidya kwa kila siku, wala halipi. Mwenye Parkinson ambaye daktari amesema funga itamdhuru yuko hapa pa pili. Na ikiwa madhara yamethibiti, wanavyuoni wanasema si kwamba anaruhusiwa kula tu, bali haifai kwake kufunga. Tumekatazwa kujitia wenyewe kwenye maangamizi.

Ipo hadithi ya Jabir kuhusu sahaba aliyepasuliwa kichwa na jiwe safarini. Akaamka na janaba, akawauliza wenzake kama ana ruhusa ya kutayamamu. Wakamwambia maji yapo, huna ruhusa. Akaoga, akafa. Mtume (s.a.w.) alipopata habari alikasirika sana, na lawama yote akawatupia waliotoa fatwa bila ya elimu, kwamba kifo chake kimetokana na wao. Nawaogopesha na hadithi hii ndugu zangu mnaokaa barazani mkisema, "Fulani mbona anakula na kutembea anatembea?"

Fidya ni kibaba kimoja cha chakula kinacholiwa mjini, mchele au unga, kwa kila siku moja, apewe maskini. Mnakumbuka pishi ya fitri ina vibaba vinne, basi fidya ya siku ni robo ya fitri ya mtu mmoja. Toa kila siku baada ya alfajiri kuingia, au kusanya utoe mwisho wa mwezi. Usiitangulize kabla Ramadhani haijaingia. Mtoto anaweza kumtolea baba yake kwa idhini yake. Asiye nacho na hana wa kumtolea, Mwenyezi Mungu hakalifishi nafsi ila kwa uwezo wake, tutazungumza naye msikitini na atapata msaada, maana huenda yeye mwenyewe ndiye wa kupewa.

Je, kila mwenye Parkinson asifunge? Hapana, na hapa msinichukue vibaya. Wapo ambao ugonjwa ni mchanga, dawa ni mara mbili au tatu, na daktari anaweza kuzipanga jioni, usiku na daku. Ipo pia dawa ya kubandikwa kwenye ngozi, nayo haivunji funga. Hilo linapangwa na daktari wiki kadhaa kabla ya mwezi, si mgonjwa anajipangia mwenyewe usiku wa kuamkia mfungo mosi. Mwenye kupangiwa hivyo nimpe faida moja: levodopa inagombania njia na nyama, samaki, maharage na maziwa. Ukiimeza pamoja na futari nzito inafika kwenye ubongo kidogo au inachelewa. Madaktari wengi husema nusu saa kabla ya chakula. Basi tazama sunna ilivyomrahisishia: adhana ikilia, tende na maji, meza dawa yako, nenda kaswali magharibi. Ukirudi kwenye mihogo na samaki, nusu saa imepita.

*Mzee anayekataa*

Nirudi kwa mzee wetu, kwa sababu kumpa hukumu ni rahisi, kazi iko kwenye kumkinaisha. Tusimfanye mkaidi. Mtu huyu maradhi yamemnyang'anya kazi, yamemnyang'anya hati yake, kifungo cha shati anafungwa. Funga ndiyo kitu kilichobaki anachokifanya kwa nguvu yake mwenyewe, sawasawa na wanaume wenzake. Ukimwambia "baba, kula," yeye anasikia "baba, na hili pia tumelichukua." Mimi simshangai.

Kwa hiyo msianze na hukumu. Anzeni na hadithi ya Abu Musa iliyo katika Bukhari: mja akiugua au akisafiri, huandikiwa mfano wa yale aliyokuwa akiyafanya alipokuwa mzima na mkazi. Mwambieni, baba, Ramadhani zako zaidi ya hamsini ulizofunga ukiwa na nguvu, hizo ndizo zinazoandika Ramadhani hii. Mwenye kuandikiwa hivyo ni mtu aliyekuwa na kawaida. Wewe ulikuwa nayo. Mtu aliyekuwa akikimbia funga akiwa mzima hana cha kuandikiwa leo, wewe unacho. Kisha mwambieni kwamba Mwenyezi Mungu anapenda ruhusa zake zichukuliwe. Kula kwako saa sita mchana kwa kumtii yeye ni ibada, na anayekulisha anashiriki.

Halafu mpeni kazi ya Ramadhani. Fidya aipime yeye mwenyewe kwa mkono wake, hata mchele ukimwagika, okoteni baadaye. Adhana ikilia akae sinia moja na nyinyi, avunje funga ya familia kwa dua yake. Na msimfiche chumbani akila kama mwizi. Nje ya nyumba ahifadhi sitara, ndiyo, lakini ndani ya nyumba yake watoto waelezwe: babu ana ruhusa kutoka kwa Mola wake. Ni somo zuri la fikihi kuliko mengine tunayowasomesha chuoni. Akibaki anakataa, nijulisheni, nitakuja nyumbani. Wakati mwingine maneno yale yale mzee anayakubali kwa mtu wa nje, nanyi watoto msione vibaya.

*Swala yake*

Nimeulizwa na wengine: kutetemeka hakubatilishi swala? Katika vitabu vyetu vya Kishafii harakati tatu kubwa za mfululizo zinabatilisha, kweli, lakini wanavyuoni hao hao wamemtoa mtu ambaye mwili wake unatikisika bila ya hiari yake. Kwa hiyo mkono ukitetemeka kuanzia takbira mpaka salamu, swala yake ni kamili. Mtu asimwambie arudie.

Imran bin Huswayn alikuwa na bawasiri, akamuuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu swala, akaelekezwa aswali kwa kusimama; asipoweza, kwa kukaa; asipoweza, kwa ubavu. Ndiyo ngazi yenyewe. Anayeweza kusimama kwenye kisomo lakini hawezi kuinuka kutoka sijda, asimame pale anapoweza na akae kwenye kiti palipobaki, na sijda yake aiinamishe chini zaidi kuliko rukuu. Asimame taratibu. Presha yao inashuka wanapoinuka, na tarawehe ina kuinuka kwingi. Rakaa nane kwa kukaa ni bora kuliko rakaa mbili na kuvunjika nyonga.

Udhu unamchosha, na wengine wana tatizo la kutozuia mkojo. Huyo aoshe, avae kinga, atie udhu baada ya wakati kuingia, aswali faradhi yake na sunna zake. Kinachotoka baada ya hapo hakimdhuru. Maji akawekewe, au amiminiwe na mtu. Na ikiwa kuswali kila swala kwa wakati wake kumekuwa mashaka makubwa, ipo kauli ya kukusanya adhuhuri na alasiri, magharibi na isha, kwa sababu ya maradhi. Si kauli mashuhuri katika madhehebu yetu, lakini Imam Nawawi, ambaye ni wetu, aliiona ina nguvu. Mgonjwa achukue bila ya wasiwasi. Sisi wazima tusijifanye wagonjwa.

Sauti yake imeshuka? Asome anavyoweza. Mola wake hahitaji kipaza sauti.

*Haki yake kwetu*

Hapa ndipo nilipotaka kufika. Yule maalim niliyemtaja alikuwa safu ya kwanza miaka mingi. Mwaka jana tulimkosa. Nilipomzuru aliniambia sababu mbili, na hakuna hata moja iliyohusu miguu kwa maana tunayoidhania. Ya kwanza ni mlango. Wagonjwa hawa wanapofika penye kizingiti, au penye msongamano, au kwenye kugeuka, miguu inaganda kama imepigwa misumari. Akili inasema nenda, miguu haisikii. Yeye anaganda mlangoni, nyuma yake watu ishirini wanaowahi rakaa, mmoja anamsukuma bega, mwingine anasema, "Mzee, sogea basi." Kadiri anavyoharakishwa ndivyo anavyozidi kuganda. Sababu ya pili ni kikombe. Siku moja ya futari hapa msikitini uji ulimwagikia kanzu ya mtu, na kijana mmoja akacheka.

Jamani.

Dawa ya mlango ni nyepesi, yeye mwenyewe kanifundisha. Usimvute mkono, ataanguka. Simama pembeni yake, mwambie ahesabu: moja, mbili, tatu, hatua. Au weka mguu wako mbele yake kidogo kwa mlalo, mwambie auruke. Ajabu ya maradhi haya, mtu asiyeweza kupiga hatua kwenye sakafu tupu anaweza kuvuka mstari uliochorwa. Kwa hiyo jana mafundi wetu wamebandika mistari mitano ya utepe mweupe kwenye mlango wa upande wa visima. Mnaouliza ile ni ya nini, ndiyo hiyo. Watoto wasiibandue.

Dawa ya kikombe: mpe chenye mkono, jaza nusu, ongeza akimaliza. Tende ipasue utoe kokwa, maana kumeza kwake ni kuzito. Usimsemeshe akiwa na tonge kinywani. Mwache amalize kwa muda wake, na wewe kula polepole asibaki peke yake sinia likiwa tupu.

Uso wake pia tuusome vizuri. Misuli ya uso inakaza, hatabasamu hata akifurahi, hapepesi macho sana. Unamsalimia, salamu inarudi kwa chini huisikii, unaondoka unasema, "Siku hizi fulani ana kiburi." Hana kiburi. Amekuitikia. Tumefundishwa kwamba tabasamu mbele ya ndugu yako ni sadaka. Yeye hawezi kuitoa kwa sasa, basi itoe wewe na yake.

Na lile la "anajifanya". Alasiri umemwona anatembea vizuri, magharibi anabebwa. Nimeshaeleza: dawa ilishika, dawa imeisha. Mtu mmoja, siku moja, hali mbili.

Kuna mambo mengine familia zinayaficha kwa aibu, nami nayataja hapa ili yatoke. Huzuni nzito na kukosa hamu ya kitu chochote ni sehemu ya ugonjwa wenyewe, inatoka kwenye ubongo ule ule. Si upungufu wa imani, na ina matibabu. Baadhi yao wanaona watu chumbani ambao hawapo. Msikimbilie kusema jini. Mwambieni daktari, mara nyingine ni dawa inataka kupunguzwa. Na zipo baadhi ya dawa za ugonjwa huu zinazoweza kumtia mtu tabia asiyokuwa nayo: mtu hajawahi kucheza kamari maisha yake, ghafla anabeti mchana na usiku, au anatumia pesa ovyo. Kabla hamjamwita fasiki, mrudisheni kwa daktari na dawa zake mkononi.

Kisomo na dua ni halali na ni kheri. Kombe anywe akitaka. Lakini mtu yeyote, awe amevaa kilemba au hakuvaa, atakayemwambia mgonjwa aache vidonge ndipo kombe lifanye kazi, huyo mkimbieni. Mtume (s.a.w.) ametuamrisha tujitibu. Vilevile nimesikia watu wanapeana mbegu za upupu, kwamba ndiyo dawa yenyewe. Kuna ukweli ndani yake: mbegu ya upupu ina levodopa, ile ile ya kwenye kidonge. Na kwa sababu hiyo hiyo ni hatari. Kidonge kina kipimo, kiganja cha mbegu hakina, na ukichanganya viwili presha inashuka au akili inavurugika. Asimeze kwa siri, amwambie daktari.

Tuna kawaida ya kumzuru mgonjwa wiki ya kwanza. Maradhi haya hayana wiki ya kwanza, yana mwaka wa sita, wa kumi, wa kumi na tano. Ile hadithi ya Qudsi ambayo Mola atamuuliza mja kwa nini hakumzuru alipougua, haikusema mgonjwa wa siku ngapi. Wengi mnamkumbuka bondia Muhammad Ali. Aliambiwa ana ugonjwa huu mwaka 1984, akiwa na miaka 42. Akaishi nao zaidi ya miaka thelathini, akafa Juni 2016, siku chache kabla ya Ramadhani. Mwaka 1996 aliwasha mwenge wa Olimpiki Atlanta mbele ya dunia nzima, mkono unatetemeka, wala hakuuficha. Nasema hivi kwa sababu tukimwacha mtu mwaka wa tatu, bado ana miaka mingi ya kukaa peke yake.

Nabii Ayub tunamtaja kila akitajwa mgonjwa, na wahadhiri wanapenda ile hadithi ya mafunza mwilini mwake, ambayo wanavyuoni wengi wameikataa. Mimi nataka mtazame jambo jingine. Katika Suratul Anbiyaa na Suratu Swad, Ayub alisema. Alimwambia Mola wake kwamba dhara imemgusa. Na Mwenyezi Mungu akamsifu kuwa mwenye subira pamoja na kusema kwake. Basi mgonjwa akilia usiku, akisema nimechoka, msimnyamazishe kwa neno subira kama mtu anayefunga mlango. Subira haina maana ya kutosema.

Mwisho, mama wa nyumba hizi. Nyuma ya kila mgonjwa wa namna hii kuna mwanamke, mke au binti, anayeamka saa nane usiku kumgeuza, anafunga vifungo, anakumbuka kidonge cha saa nne na cha saa nane, anapika futari, na tarawehe hajaiona mwaka wa tatu. Naomba vijana wanne wa kiume, wenye adabu, kila usiku wawili kwa zamu, wakae na wagonjwa kuanzia isha mpaka tarawehe iishe, ili mama zao hawa waje msikitini, au walale tu. Kulala nako wana haki nako. Tayari nina nyumba tatu. Majina yaandikishwe kwa naibu imamu baada ya alasiri ya leo, naye atawafundisha jinsi ya kumsimamisha mtu bila kumvuta mikono.

Viti sita vya plastiki vimeshawekwa mwisho wa safu ya kwanza, upande wa kulia. Hivyo si vya kuwekea simu na mikoba. Maalim amesema akipata mtu wa kuhesabu naye mlangoni atakuja Ijumaa.

Kesho inshaallah tunarudi kwenye adabu za ulimi.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.